Nchi Mbili za Bibi Maendeleo

Bibi Maendeleo alikuwa mtu wa kushukuru mpaka akaudhi. Ukimpa maji ya kunywa alishukuru kabla ya kunywa, akashukuru baada ya kunywa, na kesho yake mkikutana njiani alikukumbusha kwamba yale maji ya jana yalikuwa matamu. Watu wa kwetu hatukuzoea hivyo. Kwetu maji ni maji tu, na mtu akishukuru kupita kiasi unaanza kujiuliza anataka nini tena. Mama yangu alisema ule ulikuwa ugonjwa aliorudi nao kutoka Marekani, ila angalau haukuwa wa kuambukiza.

Mama alikosea. Mimi uliniambukiza. Nimeishi Marekani miaka mingi kuliko niliyoishi kwetu Ngara, ninaipenda ile nchi, na kila ninapoipenda najiona kama ninamlia mtu mali yake kisirisiri. Mtu huyo ni Bibi Maendeleo. Kulikuwa na jambo moja nililopaswa kumwambia na nikakaa miaka bila kuwa na ubavu wa kumwambia: kwamba nimeapa kuwa raia wa kule na kuuacha uraia wa hapa, wakati yeye aliombwa abaki kule na akakataa kwa ajili ya hapa.

Jina lake halisi nalijua, lakini hakuna aliyelitumia, na nikiliandika hapa nitaona ninamzungumzia mtu mwingine. Bibi Maendeleo lilikuwa jina la kazi. Serikali ilikuwa na mabwana shamba wa kufundisha kilimo, na ilikuwa na mabibi maendeleo wa kufundisha akina mama usafi, mapishi, ushonaji na malezi ya watoto. Wetu alikaa Mbuba, na kazi yake ilimfikisha mpaka Keza na Kasulo kwa baiskeli ya kiume, gauni likiwa limefungwa mafundo mawili juu ya magoti. Katekista alimwambia mara moja kwamba akina mama wa Kikatoliki hawapandi baiskeli hivyo. Alimshukuru kwa ushauri, akapanda baiskeli yake akaenda zake.

Asubuhi za baridi alivaa koti zito la mirabamiraba, nyekundu na nyeusi, alilopewa Marekani. Huko alipelekwa akiwa bado msichana, nchi ikiwa ndiyo kwanza imepata uhuru, akasome maarifa ya nyumbani kwa mwaka mzima. Alikaa na familia ya wakulima upande wa kaskazini, kwenye baridi ya kukata masikio. Hao aliwaita “baba yangu wa kule” na “mama yangu wa kule”, na aliwataja katikati ya maongezi yoyote bila kuomba radhi. Ungekuwa unazungumzia mbuzi wako aliyepotea, yeye angekwambia jinsi baba yake wa kule alivyompata ndama wake.

Hadithi zake za Marekani hazikuwa za maghorofa. Kwa kweli sidhani kama aliyaona. Alisimulia kwamba mama yake wa kule aliendesha trekta na baba yake wa kule aliosha vyombo baada ya chakula cha jioni, na akina mama wa Mbuba wakacheka mpaka wakafuta machozi, wakamwambia aache uongo. Alisimulia kwamba mtoto wa jirani aliyechuma matunda shambani kwa watu alilipwa yeye mwenyewe mkononi, si baba yake. Alisimulia kwamba ulipofika uchaguzi, baba yake wa kule alimpigia kura mtu aliyeshindwa, akanuna jioni nzima, na asubuhi akaamka akapandisha bendera mbele ya nyumba yake kama kawaida. Hiyo ndiyo aliyoipenda kuliko zote. Alisema mtu anayeweza kushindwa jioni na kupandisha bendera asubuhi ni mtu anayejua kupenda nchi.

Hadithi hiyo ndiyo iliyomkasirisha katibu wa Chama wa kata. Alikuwa kijana mwembamba mwenye suti ya Kichina, si mbaya, lakini alikuwa na hofu ya kuonekana amelegea. Siku moja alisimama mbele ya darasa la akina mama, sisi watoto tukiwa madirishani, akamuuliza Bibi Maendeleo kwa nini anawasifu mabeberu katika nchi inayojenga ujamaa. Bibi alikuwa akipima unga. Aliweka bakuli chini.

“Ndugu Katibu, nimelala kwao, nimekula kwao, nimeugua wakaniuguza. Hawajanidai kitu. Nisipowashukuru mimi nitakuwa mwizi.”

“Na Chama je? Na Serikali iliyokupeleka?”

“Hao nawashukuru kwa kazi,” alisema. “Unaniona nimekaa?”

Katibu hakumwona amekaa. Hakuna aliyewahi kumwona amekaa. Aliandika ripoti yake tarafani, wakamwita, akaenda na baiskeli, akarudi na baiskeli, na Jumatatu akaendelea na habari za baba yake wa kule pale alipoishia.

Sasa nije kwenye ndizi. Bibi Maendeleo hakula ndizi nyumbani kwetu. Alikula maharage yetu, mihogo yetu, uji wetu wa mtama, lakini mama akipakua ndizi alisema ameshiba. Huko Keza nilimwona kwa macho yangu akila ndizi na nyama mpaka akaomba nyingine. Nilipokuwa mdogo nilidhani mama yangu hajui kupika.

Ukweli ni kwamba yeye ndiye aliyetuhamisha. Wakati wa operesheni ya kuwaweka watu vijijini, wakubwa waliona kwamba mgambo wakitangulia kutakuwa na vilio, kwa hiyo walimtanguliza yeye. Alipita nyumba kwa nyumba mlimani kuwaambia akina mama habari njema za barabara, shule, bomba na zahanati. Aliyaamini yote. Alisema kwa sauti ile ile ya trekta na vyombo. Mama yangu alikuwa na shamba la migomba alilolirithi kwa mama mkwe wake, nene, jeusi kwa samadi ya miaka mingi, na nyumba yetu ilikuwa katikati ya migomba hiyo kiasi kwamba jua la mchana lilitufikia kwa vipande. Alimsikiliza Bibi Maendeleo mpaka mwisho, akamwuliza swali moja.

“Dada, huko Malekani walikuhamisha?”

Nilikuwa nimekaa kizingitini na ninakumbuka Bibi alivyotazama juu, kwenye majani.

“Hapana. Kule mtu anahama akitaka.”

“Basi niache na mimi nihame nikitaka.”

Asubuhi yake mama aliamka, akabeba kinu kichwani, akanifunga sufuria mgongoni kwa kanga, tukashuka barabarani kabla mgambo hawajapanda. Hakutaka kuhamishwa. Alihama. Alilisema hilo maisha yake yote kwa kiburi ambacho sasa, nikiwa mtu mzima, kinaniuma zaidi kuliko kama angelia.

Pale barabarani tulipopangwa kwa mistari ardhi ilikuwa ya changarawe. Shule ilikuja, kweli. Zahanati ilikuja, baadaye, nusu. Bomba lilifika likiwa mabomba tu, yamelazwa kwenye nyasi. Migomba yetu kule juu ilikabwa na magugu na nyani wakaifanya yao. Katika msimu huo wa kwanza Bibi Maendeleo alianza kitu ambacho hakuna aliyemtuma. Kila Jumamosi alipanda mlimani na wale akina mama aliowashusha, nyumba moja baada ya nyingine, wakachimba machipukizi kwenye migomba ya zamani, wakayashusha, wakayapanda nyuma ya nyumba mpya. Alichimba yeye mwenyewe. Alibeba kichwani, udongo ukimmwagikia shingoni ndani ya lile koti. Samadi aliifuata kwa wafugaji, akawashukuru mpaka wakamkimbia. Kwa mama yangu alibeba machipukizi mengi kuliko kwa mtu yeyote, na hawakuzungumza njia nzima, kwenda wala kurudi.

Hakuomba radhi. Si kwetu, si kwa mtu mwingine. Nadhani alijua kwamba akiomba radhi atakuwa amesema Serikali ilikosea, na hiyo Serikali ndiyo iliyomtoa kwenye nyumba ya nyasi ikampandisha ndege. Kwa hiyo alishukuru kwa mdomo na akatubu kwa mgongo. Mkungu wa kwanza ulipokomaa nyuma ya nyumba yetu mama alimpelekea nusu. Alishukuru sana, akaigawa yote kwa majirani, hakuonja.

Sikukuu yake ilikuwa jambo jingine la kuchekesha. Wakulima wa kule Marekani wana siku yao ya kushukuru kwa mavuno, mwezi wa kumi na moja, wanakula bata mzinga. Bibi akasema na Mbuba tufanye. Mwaka wa kwanza aliifanya mwezi ule ule wa kumi na moja, kwa uaminifu wake, akasahau kwamba kwetu mwezi huo maharage ndiyo kwanza yanatoa maua na ghala zina panya tu. Watu walikuja wakiwa na njaa, wakaketi mbele ya mihogo ya kuchemsha, wakaulizwa wanashukuru nini. Mzee mmoja alisema anashukuru kwamba ameulizwa. Mwaka uliofuata aliihamishia mwezi wa saba, mtama ukiwa umevunwa, tena alasiri ya Sabasaba, kwa hiyo mwenyekiti wa kijiji aliifungua kila mwaka kwa hotuba akidhani ni sherehe ya Chama. Bibi alimwacha ahutubie. Badala ya bata mzinga alipika kanga wa porini walioletwa na mwindaji mmoja wa Kasulo, na pombe ya ndizi ililetwa na wenye nayo.

Sharti lake lilikuwa moja. Kila mtu aliyeketi mkekani alipaswa kumshukuru mtu mmoja kwa jambo moja. Mungu haruhusiwi, kwa sababu Mungu alishashukuriwa Jumapili. Katekista alilalamika mpaka kwa padri, na padri, kwa maelezo tuliyoyapata, alicheka. Ilikuwa kazi ngumu kuliko unavyofikiri. Watu walikohoa, wakatazama chini, wakasukumana. Mwenyekiti alimshukuru mwenyekiti wa wilaya, Bibi akamwambia shukrani za kazini hazihesabiwi, atafute nyingine. Mama yangu kila mwaka alimshukuru jirani aliyembebea kitanda siku tuliyoshuka, kitanda kile kile kila mwaka, huku akitazama upande asikokuwa Bibi Maendeleo.

Vita vilipokuja tulivisikia redioni kwanza. Huku Ngara adui hakufika. Kilichofika ni malori kwenye barabara ya Biharamulo, yakielekea kaskazini, na habari za watu wa ng'ambo ya mto Kagera waliochomewa nyumba. Niliona kitu siku hizo ambacho sijakiona tena katika maisha yangu, hata Marekani. Watu waliokuwa wamenuna tangu operesheni walitoa. Walitoa mbuzi, karanga, mahindi, na mmoja alitoa baiskeli yake, akarudi kwa miguu. Bibi Maendeleo aliwapanga akina mama kukausha mihogo na kukaanga karanga na unga wa safari. Alipiga kambi chini ya banda la shule akiwa na sauti iliyokauka, na hapo nilimwona amefurahi kweli kweli. Kwa mara ya kwanza nchi ilikuwa imeomba kitu ambacho watu walitaka kukitoa.

Alizungumza kwenye mkutano. Alisema hakuna mtu aliyetupenda bure ila nchi hii, na nchi hii ndiyo sisi, na sasa sisi tunapigwa. Vijana wawili waliosimama nyuma walijiandikisha mgambo jioni ile ile, wakapelekwa Biharamulo kwa mafunzo. Mmoja alikuwa mtoto wa jirani yetu, mwembamba wa kifua, na Bibi alilivua koti lake la mirabamiraba mabegani mwake mwenyewe akamvisha. Katibu wa Chama alikuwapo. Aliliona koti la mabeberu likipanda lori la jeshi na, kwa heshima yake niseme, alinyamaza.

Mtoto wa jirani alirudi, bila koti, akaona haya kumwona Bibi. Bibi alimpiga bega akamwambia koti lilikwenda kazini. Yule mwenzake hakurudi. Mama yake alikuwa mjane wa upande wa chini wa barabara. Tangu habari ilipofika, kila Alhamisi Bibi Maendeleo alishuka kule na jembe lake, akalima shamba la yule mama kutoka asubuhi hadi jua kali, wakala pamoja, akarudi. Aliendelea hivyo misimu mingi, hata alipostaafu. Nilimsindikiza mara moja. Njiani nilimwambia kwamba vita havikuwa kosa lake. Alisema anajua havikuwa kosa lake, na akaongeza mwendo.

Ndivyo alivyokuwa, na sikumwelewa. Nilimwona mtu ambaye nchi yake ilimpa kila sababu ya kunung'unika, naye akawa anailipa. Nilijua, kwa sababu alilisema wazi, kwamba mwaka wake wa Marekani ulipokwisha wale wazazi wa kule walimtafutia nafasi ya kuendelea na masomo, wakamwambia chumba ni chake, abaki. Alikataa. Alisema alisomeshwa na watu wanaotembea peku na ingekuwa aibu viatu vyake vibaki kule. Nilimeza maneno hayo nikiwa mtoto. Nikayaweka ndani yangu mahali pabaya, mahali ambapo baadaye yaligeuka hukumu.

Miaka kadhaa baada ya vita, wazazi wake wa kule walimwandikia kwamba kanisa lao lingependa kumsomesha uuguzi msichana mmoja kutoka kijijini kwake. Alinichagua mimi. Kwenye Sabasaba ya mwisho kabla sijaondoka, mama yangu, zamu yake ilipofika, hakumtaja mwenye kitanda. Alimtazama Bibi Maendeleo usoni.

“Nakushukuru kwa miche ya migomba,” alisema. Kisha, ili watu wasije wakadhani mengine yamesahaulika, akaongeza, “Kwa miche tu.”

Bibi aliinama kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Asubuhi ya safari alinisindikiza mpaka barabarani na hakuniambia nirudi. Nimeipekua siku ile mara nyingi. Aliniambia nivae soksi mbili mbili, nisiogope mbwa wa ndani, na nimsaidie baba yake wa kule kukausha vyombo. Kurudi hakukutaja. Hayo ya kurudi nilijiambia mwenyewe, kwa sauti yake.

Sikurudi. Nilisoma, nikapata kazi katika nyumba ya kutunzia wazee, nikabaki. Ningependa kusema nilizuiliwa na jambo fulani, lakini sikuzuiliwa, nilipenda. Wiki ya kwanza nilikwenda maktaba ya mji ule mdogo, na mama aliyekaa mezani akanipa kadi ya kuazima vitabu papo hapo. Hakutaka barua ya balozi wa nyumba kumi, hakuuliza mimi ni binti wa nani. Nilitoka na vitabu kifuani nikakaa kwenye ngazi nikalia. Msimu wa theluji jirani ambaye hata jina langu hakuweza kulitamka alisafisha njia yangu pamoja na yake, akaingia ndani kwake bila kusubiri kushukuriwa. Niliugua, nikatibiwa. Nilitaka zamu za mchana ili niendelee kusoma, nikaomba, nikapewa. Ni vitu vidogo. Ndivyo nilivyopendea nchi, kwa vitu vidogo, na kila kimoja kilinichoma, kwa sababu kilikuwa cha Bibi, alikiacha yeye mimi nikakiokota.

Siku ya kuapa nilikwenda peke yangu. Wenzangu walikuja na watoto, wajomba, maua. Niliinua mkono, nikasema maneno yote, na nilimaanisha. Hilo ndilo lililonitia hatia zaidi. Ningeapa kwa ajili ya makaratasi tu, ningeweza kumwandikia.

Basi nikaanza kumwandikia habari za hali ya hewa. Baba yake wa kule alifariki, hiyo nilimweleza vizuri. Mama yake wa kule alizeeka, mikono ikaanza kutetemeka, akaacha kuandika, na salamu zake na za Bibi zikawa zinapitia kwangu. Kila mwaka siku ile ya bata mzinga nilikula kwake, na kila mwaka aliniuliza kwa nini yule binti yake wa Afrika haji, mlango uko wazi, anajua kwamba uko wazi. Nami nilimjibu kwa fahari. Nilimwambia yule ni mtu wa nchi yake, hawezi kuiacha. Niliona ninamsifu. Labda pia sikutaka aje anikute, aone pasi yangu ya kusafiria, aone bendera ndogo niliyoichomeka kwenye chungu cha maua.

Nilipokwenda Mbuba kumzika mama yangu nilipanga foleni ya wageni uwanja wa ndege, nikagongewa muhuri wa mgeni. Baada ya matanga, watu walipopungua, nilikwenda kwake. Alikuwa amekaa. Hilo lilinitisha kuliko mvi zake. Alikuwa barazani kwenye kiti cha mbao, miguu imevimba, lakini macho na masikio yalikuwa yake yale yale. Nilipiga goti nikamwamkia. Aliitikia, akanishika uso kwa mikono miwili, akamshukuru Mungu na mwenye basi. Msichana anayemsaidia alileta chai.

Nilipiga moyo konde. Nilimwambia yote, uraia, kiapo, miaka niliyoficha. Niliongea nikitazama mikono yangu. Nilimwambia najua yeye alikataa, na kwamba nimekula alichokiacha.

“Uliapa kwa sauti?” aliuliza.

“Kwa sauti, Bibi.”

“Vizuri. Mtu anayeapa kwa kunong'ona simpendi.” Alikunywa chai. “Nani alisimama nawe?”

Nikamwambia hakuna.

“Ningekuja,” alisema.

Sikuelewa. Alirudia, polepole, kama anayemweleza mtoto. Angekuja. Angeshona gauni. Alikaa miaka yote hii akisubiri kuitwa, kwanza na wao, kisha na mimi, maana mimi nilikuwa mtoto wa huku na nilijua taratibu. Kila barua yangu ilipofika alimwuliza mama yangu kama kuna neno lolote la safari. Kukataa kubaki ni kitu kimoja, alisema, na kwenda kuwasalimia watu ni kitu kingine, nani aliyenifundisha kwamba ni kitu kimoja?

“Lakini mama wa kule alisema mlango uko wazi. Alikuandikia uende wakati wowote.”

“Wakati wowote ndiyo siku gani?” alisema. “Mtu mwenye adabu anakwenda ugenini wakati wowote?”

Nilijua jibu. Hata mtoto wa Mbuba analijua. Kwetu mtu haendi karamuni kwa sababu mlango uko wazi. Anasubiri atumiwe mtu, atajiwe siku. Mimi ndiye niliyekuwa mtu wa kutumwa kati yao, wa pekee aliyejua adabu za pande zote mbili, nikakaa katikati na aibu yangu nikawazibia njia. Nilimwambia twende sasa, nitashughulikia kila kitu. Alicheka, akapigapiga magoti yake, akasema hayo siku hizi mwisho wake ni chooni.

Kisha akauliza, “Mama wa kule bado yupo?”

“Alifariki, Bibi. Kabla ya mvua zilizopita. Nilishindwa kukuandikia.”

Aliweka kikombe chini kwa mikono miwili.

“Alikuwa akiniulizia?”

“Kila mwaka.”

“Ukamwambia nini?”

Ningeweza kudanganya. Nilimwambia kwamba nilisema yeye hawezi kuiacha nchi yake.

“Naye akakuamini.”

“Aliniamini.”

Alitikisa kichwa, bila hasira. Alitazama barabarani, pikipiki zikipita.

“Basi amekufa akijua sina shukrani,” alisema.

Msichana alikuja kuuliza kama aongeze chai. Bibi Maendeleo alimshukuru, akamwambia animiminie mimi, mimi nimetoka mbali. Nilipokea kikombe nikanywa chai yote, ya moto hivyo hivyo, na nilipojaribu kusema asante neno halikutoka.